Gari Lililokula Oili Likiwa Limezimwa

Mwezi uliopita niliwakabidhi vijana wangu funguo za gereji ya Nyakato, tukanywa soda, wakanipa kiti cha plastiki chenye mikono kama zawadi ya kustaafu, nikaenda nyumbani kupumzika. Sijapumzika. Simu inaanza kulia asubuhi: "Shikamoo mzee, hii waya ya kijani inakwenda wapi?" Magari ya siku hizi yana kompyuta, na mimi na kompyuta tunaheshimiana kwa mbali. Lakini wiki iliyopita Elias, ambaye ndiye mkubwa wao sasa, alinipigia kuhusu gari dogo la zamani linalokula oili. Nikamuuliza ameangalia nini. Akajibu, "Mzee, linatoa moshi wa bluu. Tumeshaamua kushusha injini." Nikamwambia aweke spana chini, asiguse kitu mpaka nimalize kuandika. Basi ndiyo haya.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo nilivyopata havijazi ukurasa, na mishahara ya wakati ule mkiisikia mtacheka halafu mtanihurumia, na sitaki yote mawili.

Niliingia karakana ya chama cha ushirika cha pamba hapa Mwanza nikitokea Magu, na sanduku la mbao na cheti cha darasa la saba. Nilidhani nitakabidhiwa lori siku hiyohiyo. Nikakabidhiwa ndoo ya mafuta ya taa na rundo la nati za kuosha, nikaziosha mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Fundi mwanafunzi alikuwa chini ya kila mtu pale karakana, pamoja na mbwa wa mlinzi, maana mbwa alikuwa na mgao wake wa nyama.

Wakubwa wa kweli walikuwa madereva, na mkubwa wa madereva alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupakia marobota. Wakati huo hakuwa mzee. Tulimwita mzee kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Mafundi wengine walinipa kazi. Yeye, ambaye hata fundi hakuwa, alinipa sikio. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya lori lake linalounguruma, natazama tu. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio langu. "Sogeza hapa. Sasa hapa. Umesikia tofauti?" Sikusikia. "Rudia mpaka usikie." Nilirudia kwa majuma mengi, na siku niliyosikia valvu moja ikigonga peke yake kati ya wenzake, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti.

Mzee Magesa alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Kila alfajiri, kabla hajawasha, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa safi, akakichovya tena na kukisoma. Injini ambayo haijapimwa haikuwashwa, awe amekaa nani ndani ya kabini. Siku moja alikaa meneja mwenyewe, anawahi mkutano Shinyanga. "Magesa, twende, nimechelewa," akasema. Mzee Magesa, kichwa kikiwa ndani ya boneti, akamjibu, "Bwana Meneja, shuka upime wewe, au kaa usubiri nipime mimi." Meneja akakaa. Sisi tuliokuwa tunaosha nati tuliinama tusionekane tunacheka.

Na sheria ile ilikuwa sahihi. Uwanja wa karakana ulikuwa wa saruji, tambarare. Malori yalilala pale usiku kucha, oili yote ikashuka chini na kutulia, kwa hiyo kijiti cha alfajiri kilisema kweli. Kumbukeni hilo, maana mbele linakuja kunisumbua.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia vijijini na malori yao, na ya ushirika yakabaki yameegeshwa uani mpaka majani yakaota kwenye bodi. Tukapunguzwa kazini kwa mafungu: makarani kwanza, mafundi wakafuata, madereva mwisho. Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa na mke, watoto, na kazi moja tu niliyoijua. Vifaa vya karakana vilipopigwa mnada, wenzangu waligombania jeki na winchi. Mimi nilichukua kitu ambacho hakuna aliyekitaka: kipimo cha mgandamizo, kile chenye uso kama wa saa na mpira mwishoni, ambacho unakibana kwenye tundu la plagi kikakuonyesha kila silinda inakandamiza hewa kwa nguvu gani. Walinicheka. Kipimo kile kimesomesha watoto wangu.

Nikafungua gereji Nyakato: mabati juu, shimo la kukagulia chini, jirani upande mmoja mchomelea mageti, upande wa pili mama wa chapati. Wakati huohuo injini zilizotumika zikaanza kuingia mjini kutoka Dubai, zimefungwa kwa waya, zimepakwa rangi ya fedha ili zing'ae. Ikazuka aina mpya ya fundi. Ukimpelekea mlio, anakwambia badilisha injini. Ukimpelekea moshi, badilisha injini. Nadhani hata ungempelekea kioo kilichopasuka angeangalia injini kwanza. Sikuwachukia, kila mtu alikuwa anatafuta ugali wake, lakini niliona injini nyingi nzima zikitupwa na mbovu zikiwekwa mahali pake, na hilo lilinikera kama mtu anayemwaga chakula.

Kwa hiyo nilijifunza kutafuta. Elias, sikiliza hapa. Oili ina njia mbili za kutoka kwenye injini: ama inavuja nje, ama inaungua ndani. Anza na iliyo rahisi. Tandaza boksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi litakuonyesha kama kuna tone na limeanguka kutoka wapi. Kisha tazama moshi, na utazame unatoka wakati gani. Ukitoka mara tu unapowasha asubuhi kisha ukakatika, shuku sili za valvu, ile mipira midogo inayozuia oili isiteremke; imeteremka usiku, ikasubiri. Ukitoka baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, shuku hizohizo. Ukitoka kila gari linapovuta mzigo, ndipo uanze kuwaza ringi za pistoni. Hapo toa plagi zote, pima mgandamizo. Silinda ikiwa dhaifu, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake, pima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Na msisahau bomba la kupumulia la injini, ambalo kila fundi anaruka kwa sababu ni la bei ndogo. Likiziba, injini inatafuta pengine pa kupumulia, na huko inatema oili.

Haya yote nilikuwa nayafahamu vizuri siku Mzee Magesa alipoingia uani kwangu na gari lililonishinda kwa siku nzima.

Baada ya ushirika alikuwa amejenga Kiseke, akanunua gari dogo la Kijapani lililokwishatembea sana. Kila alfajiri aliwachukua akina mama wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha samaki huku Nyakato, jioni akawarudisha. Waliokuwa wanakaa Kiseke wakati ule wanajua maana ya kupata gari alfajiri. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa inalisha nyumba. Aliingia uani taratibu, moshi wa bluu nyuma yake, akashuka bila kuzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Masanja. Usilizime, stata imechoka, mtakuja kunisukuma bure. Sikiliza injini hii uniambie kama inakufa."

Nikachukua bisibisi, nikasikiliza kila mahali alipowahi kunielekeza. "Hailii vibaya, mzee."

"Hilo ndilo linanishangaza. Hailii, haichoki, mlima inapanda. Lakini inakula oili, Masanja. Kila alfajiri nikipima, kijiti hakina kitu. Naongeza. Kesho yake, hakuna kitu. Na moshi wenyewe unauona."

Kuna fundi mjini alikwishamwambia kwamba ringi zimekwisha na silinda zimelika, dawa ni injini ya Dubai. Mzee hakuwa na namna ya kuipata injini hiyo isipokuwa moja. Alikuwa na shamba Ukerewe, alilorithi kwa baba yake, linateremka mpaka ziwani. Biashara ya sangara ilikuwa imepamba moto, na mnunuzi mmoja wa samaki alikuwa analitaka shamba lile aweke kambi yake ufukweni. Walikwishaongea. Kesho yake yule bwana angekuja Kiseke kumalizana.

"Mama Bahati anasemaje?" nikauliza. Mama Bahati ndiye mkewe.

"Mama Bahati hasemi. Ananiwekea chakula mezani halafu anaondoka." Akapangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Sikuja kwa maneno ya nyumbani. Nipe jibu moja tu. Nibadilishe injini au nisibadilishe?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko lile na mtu niliyemheshimu kuliko yule. Nikamwomba aniachie gari mpaka saa ya kuwarudisha akina mama.

Nikaanza kwa kupima oili, kama mtu yeyote. Ilikuwa imepita alama ya juu, na sana. "Nimeongeza alfajiri," alisema, "labda mkono ulizidi." Nikakubali, kwa sababu mtu mwenye hofu humimina zaidi. Nilifungua filta ya hewa nikaikuta imelowa oili, na bomba la kupumulia limejaa povu la oili. Fundi wa mjini bila shaka aliona hayohayo, akasema ringi. Mimi nikatoa plagi, nikabana kipimo changu cha mnada, tukalisukuma gari likiwa kwenye gia ili injini izunguke, silinda moja baada ya nyingine. Mgandamizo ulikuwa mzuri na ulilingana kote. Nilirudia, maana nilitaka sana iwe hivyo na mtu anayetaka kitu ajichunge. Majibu yakawa yaleyale. Chini ya gari palikuwa pakavu. Bomba la kupumulia lilikuwa wazi, halijaziba mahali.

"Mzee, ringi zako ni nzima," nikamwambia aliporudi. "Injini hii haihitaji kubadilishwa. Oili ikizidi, shafti inayozunguka chini ya injini inaipiga mpaka inatoa povu, povu linapanda kwenye bomba hili, linaingia kwenye kabureta na kuungua. Huo ndio moshi. Nimeipunguza mpaka kwenye alama. Itazame mwenyewe." Akatazama. Ilikuwa kwenye alama, hapohapo. Tukamsukuma, likawaka, akaondoka bila moshi hata kidogo, nami nikala chapati ya jirani yangu nikijisifu.

Asubuhi yake nilipokuja kufungua gereji nilimkuta amekwishafika, amekuja kwa baiskeli. Mkononi alikuwa na kitu amekiviringisha kwenye kitambaa. Akakifungua. Kilikuwa kijiti cha kupimia oili, kikavu, isipokuwa doa dogo kwenye ncha kabisa.

"Jana uliniwekea mpaka hapa," akasema akionyesha alama kwa ukucha. "Mimi nikaona kwa macho yangu. Nimefika nyumbani, nimezima, nimelala. Nimeamka, ni hivi. Niambie, Masanja, imekula saa ngapi? Gari limezimwa, boneti imefungwa, imekula saa ngapi?"

"Kuna tone chini?"

"Hakuna hata unyevu. Na leo sikuongeza, kwa sababu uliniambia nisiongeze. Basi sikuwasha. Akina mama wametembea kwa miguu kwenda kazini, na mimi nimeona haya kuwatazama."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu. Oili haigeuki mvuke kama maji ya chai. Kama haikuvuja na haikuungua, basi ipo. Na kama ipo na kijiti hakiioni, basi haiko mahali kijiti kinapofika. Nilifikiri hivyo kwa sauti, na Mzee Magesa akanikazia macho kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia mama wa chapati anitazamie gereji, tukaenda Kiseke.

Mnaijua Kiseke. Wakati ule nyumba zilikuwa zinajengwa popote jiwe lilipomruhusu mtu kujenga. Ya Mzee Magesa ilikuwa juu, na gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko mbele ya mlango, pua imeelekea bondeni, mawe mawili makubwa chini ya magurudumu ya mbele. Nikasimama. Sikuhitaji hata kukaribia.

"Mzee, unaliegesha hivi siku zote?"

"Tangu stata ichoke. Nikiamka natoa mawe, linashuka lenyewe, natia gia ya pili, linawaka. Nani atanisukuma alfajiri ile? Mama Bahati?"

Nusu ya magari ya Mwanza yalikuwa yanalala vile. Betri nzuri ilikuwa anasa, na milima ni ya bure. Lakini hao wengine hawakuwa wanapima oili alfajiri. Walikuwa wanapima pale taa nyekundu inapowaka, kama wanapima. Mtu mmoja tu mji mzima alikuwa na gari linalolala pua chini na nidhamu ya kulipima kabla ya kuwasha, kila siku, bila kukosa, na mtu huyo alikuwa amesimama pembeni yangu akiwa ameshika kijiti kwenye kitambaa.

Uani, kwenye kiti kizuri cha nyumba ile, alikuwa amekaa kijana mwenye miwani ya jua na begi dogo la ngozi, jina lake Faustine, yule mnunuzi wa sangara. Mama Bahati alikuwa anamwekea chai. Alimimina taratibu mno, kama mtu anayetaka birika lisiishe. Niliamkia, nikaitikiwa, nikamwona Mama Bahati macho yamevimba.

Ningeweza kusema palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kumweleza Mzee Magesa mbele ya mgeni na mbele ya mkewe kwamba hajui kupima oili, yeye aliyemkalisha meneja kwenye kabini? Hapana. Nikamwambia, "Mzee, naomba tulishushe gari mpaka pale uwanja wa shule, chini."

"Kwa oili hii? Siwashi."

"Hatuwashi. Magurudumu hayahitaji oili ya injini. Shika usukani na breki tu."

Akanitazama, kisha akaingia. Nikatoa mawe, gari likateremka kimya, mimi nikilifuata kwa mbio za mtu mzima, mpaka likasimama katikati ya uwanja wa mpira, tambarare kuliko meza. Nikamwomba tusubiri kidogo. Tulisubiri tukitazama ziwa kule mbali. Kisha nikafungua boneti, nikasogea pembeni. "Pima, mzee."

Akarudisha kijiti kwenye tundu lake, akakichomoa, akakipangusa, akakichovya tena, akakisoma. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu, palepale nilipoiacha jana. Akakipangusa, akapima tena. Akapima mara nyingine. Halafu akaugeukia mlima, akautazama kwa muda mrefu, akainua kiganja chake na kukiinamisha vidole chini.

"Pua iko chini," akasema. "Oili inakimbilia mbele."

"Ndiyo, mzee."

"Na kijiti cha injini hii kiko nyuma."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa namwaga oili juu ya oili. Mchana injini inaitapika inaiunguza, usiku naegesha tena, alfajiri namwaga tena."

"Ndiyo, mzee."

"Acha kuniambia ndiyo mzee."

Gari lile halikuwahi kuwa na njaa, lilikuwa linalishwa kwa nguvu. Yeye alifunga boneti taratibu, akaweka mikono yote miwili juu yake, akainamisha kichwa. Niliogopa. Nilijua jinsi alivyojijenga juu ya mambo machache ya kufanya sawasawa, na mojawapo lilikuwa limeanguka mbele yangu. Nikafikiri atasema alama ya kijiti imefutika, au injini hii ina muundo mbaya, nami nilikuwa tayari kukubaliana naye, mradi tu shamba libaki. Kisha akaanza kupanda mlima kwa miguu, nami nyuma yake.

Faustine alisimama alipotuona. Alikuwa amekwishafungua begi lake.

"Bwana Faustine," Mzee Magesa akasema, akihema, "nisamehe kwa kukuchosha. Shamba siuzi."

"Siuzi vipi, mzee? Si ulisema injini imekufa?"

"Injini haina ugonjwa wowote. Tatizo lilikuwa dereva."

Mama Bahati alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini kwenye udongo, si mezani. "Umesema tatizo lilikuwa nani, Baba Bahati?"

"Umesikia."

"Sikusikia vizuri. Rudia, fundi naye asikie."

"Dereva," akasema mzee kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia dirishani. "Mimi. Nilikuwa napima oili mlimani kama mtu asiyewahi kuona gari. Haya, umeridhika?"

Mama Bahati alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini pembeni ya birika, akajifunika uso na kitenge, na ndani ya kitenge kicheko kikageuka kuwa kilio, halafu kikawa kicheko tena. Faustine alifunga begi lake kwa heshima, akamalizia chai, akaaga. Hakuwa mtu mbaya. Mzee akasimama pale, mikono haijui pa kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona tabasamu la aibu usoni mwake, kama la mtoto wa shule. Nami nikamwonea fahari kuliko siku ile ya meneja.

Jioni ileile nilifungua stata, nikakuta brashi zake zimelika mpaka mwisho, kitu kidogo kabisa. Nikaweka mpya. Tangu hapo gari likalala uwanja wa shule, mlinzi akilitazama, likawaka kwa ufunguo, na akina mama wakaacha kushuka kiwandani wakinukia moshi. Mzee hakuacha kupima alfajiri. Angeachaje? Alibadilisha mahali tu. Na aliwasimulia madereva wote wa njia ile kosa lake mwenyewe, bila kupunguza kitu, na kwa ukali, kama vile wao ndio waliolifanya.

Kwa hiyo, Elias, kabla hujashusha injini ya mtu, muulize mambo ambayo hayamo ndani ya boneti. Linalala wapi? Nani anapima, saa ngapi, gari likiwa limesimama wapi? Aliongeza lini mara ya mwisho, na kwa nini? Ikibidi, funga gereji uende kwake ukaone kwa macho. Mtu atakueleza yote anayoona ni ya ajabu, na yale anayoyafanya kila siku hatayataja, kwa sababu kwake si habari. Sasa nenda kamuulize mwenye gari, ndipo unipigie.

Gari lile lilifanya kazi na injini yake ileile mpaka bodi ikaliwa na kutu. Mzee Magesa aliendesha mpaka macho yalipoanza kumkatalia, akaegesha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Alipofariki tulivuka na feri kumpeleka Ukerewe, watu wengi, na kati yao akina mama wa kiwandani waliokuwa wamezeeka. Ufukwe wa pande zote mbili ulikuwa umekwishauzwa, una kambi na majokofu. Katikati lilikuwa limebaki shamba lake, mihogo mpaka karibu na maji, na kaburi limechimbwa juu kidogo, mahali pakavu. Nililia pale mbele za watu na sikujificha. Baada ya watu kutawanyika Mama Bahati alinishika mkono, akanisogeza mpaka kwenye udongo mbichi.

"Tazama, fundi," akasema. "Tumepata pa kumlaza."